Mgongo wa Miaka Mitano Mbele ya Mwanafunzi wa Udaktari

Mkoa wa Kigoma unajengewa kampasi ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kupitia HEET, mradi wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, ambao Serikali inautekeleza kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mitaani watu wanazungumzia viwanja, vyumba vya kupangisha na ajira, na wana haki ya kuvizungumzia. Ila chuo cha udaktari kinapokuja mahali huja pia na namna yake ya kumtazama mgonjwa, na hiyo haichorwi kwenye ramani ya majengo. Napenda tuipime namna hiyo kwa mgonjwa mmoja ambaye hakuna idara inayomgombea: mtu mzima anayeumwa mgongo mwaka wa tano sasa, aliyekwisha kupita zahanati, kituo cha afya na hospitali ya mkoa, na bado unamuuma.

Kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje katika mikoa yetu hii ya magharibi anamfahamu. Mara nyingi ni mama wa makamo, ameshika daftari la shule lililojikunja pembe. Ukilifungua, ukurasa baada ya ukurasa unasoma maumivu ya mgongo, diklofenaki, paracetamol, arudi baada ya wiki mbili. Anaingia chumbani, anakuta daktari na wanafunzi wawili watatu. Wanamwamkia shikamoo mama, anaitika marahaba wanangu, anaulizwa shida. Akitamka tu "mgongo", mwanafunzi mmoja anamtupia jicho mwenzake. Angesema homa, degedege au kukohoa damu, wangejiweka sawa kwenye viti na kuanza kuuliza. Kwa mgongo, maswali yanakwisha kabla hajamaliza kukaa.

Nawasimamia vijana hawa wakiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, na naweza kusema bila wasiwasi kwamba wengi ni watoto wazuri. Wamekulia Kibondo, Kakonko, Nzega, Sikonge, kwenye nyumba ambazo bibi aliinuka kitandani kwa kushika ukuta. Ndiyo maana swali hili linaniumiza. Lile jicho wanalotupiana wamelitoa wapi? Wako wanaosema wamelitoa chuoni, kwamba mafunzo ya udaktari yenyewe ndiyo yanayowafanya wagumu. Wako wanaosema kinyume, kwamba bila mafunzo hayo hali ingekuwa mbaya zaidi. Kila upande una hoja nzito, na nitaanza na ule unaotulaumu sisi walimu.

Kabla ya hapo, ukubwa wa jambo lenyewe. Makadirio ya kimataifa ya mzigo wa magonjwa yanasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na kwamba ifikapo 2050 watakuwa milioni 843. Tangu 1990 hakuna tatizo la afya lililowafanya watu wengi zaidi waishi na ulemavu. Hapa kwetu huhitaji jedwali kuliona. Kuna wanaokamua mawese, wanaovuta nyavu za dagaa usiku kucha kwenye Ziwa Tanganyika, wanaoshusha magunia mwaloni Kibirizi, wanaolima kwa jembe la mkono kwenye miteremko ya Buhigwe. Ukivuka kwenda Urambo na Kaliua unakuta tumbaku, zao linalomtaka mtu ainame tangu kupandikiza miche mpaka kuvuna jani kwa jani, kisha abebe kuni za kulikaushia. Watu hawa hawana kazi ya kukaa mezani ya kuhamia mgongo unapogoma.

Sasa lawama. Mwanafunzi wa udaktari anaanza na mwili uliopasuliwa. Anajifunza mfupa, mshipa, neva, kila kimoja kwa jina na mahali pake. Halafu anajifunza ugonjwa kuwa ni kitu kilichoharibika mahali fulani, na daktari mzuri ni yule anayekipata. Mtihani unamtuza kwa kukipata. Kwa miaka yote hiyo akili yake inafundishwa kupumzika pale tu inapoona kidonda, uvimbe, kijidudu kwenye hadubini au kivuli kwenye picha. Kwa nimonia na malaria utaratibu huo unaokoa maisha. Kwa mgongo unagonga ukuta, kwa sababu kwa takriban wagonjwa tisa katika kumi wenye maumivu ya mgongo wa chini hakuna sehemu moja unayoweza kuinyooshea kidole kwa uhakika ukasema hiki ndicho.

Na hata picha zikipatikana, mara nyingi zinampoteza daktari njia. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2015, ukiongozwa na Waleed Brinjikji, uliwaangalia watu wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Diski, ile mito laini iliyo kati ya pingili, zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya watu wa miaka 80. Diski zilizotuna zilionekana kwa asilimia 30 ya vijana hao wa miaka 20. Yaani mtu mzima yeyote ukimpeleka Mwanza au Dar es Salaam akapigwa MRI, kuna uwezekano mkubwa utaona kitu, na kitu hicho kinaweza kisihusiane kabisa na maumivu yake. Mwanafunzi ambaye hakuambiwa hivyo anabaki na njia mbili, zote mbovu. Akiona diski imetuna, anamwambia mgonjwa pingili zako zimesagika, na mama anarudi kijijini akiamini mgongo wake utakatika akiinua ndoo. Asipoona kitu, anahitimisha kwamba mama hana kitu.

Hapo ndipo maumivu yanapogeuzwa kuwa tabia. "Huyu anapenda kuja." "Huyu anataka apewe ED, karatasi ya kupumzishwa, asiende kazini." Tiba yenyewe iliwahi kulipatia tatizo hili sura ya kisayansi. Gordon Waddell, daktari bingwa wa mifupa wa Glasgow, aliorodhesha mwaka 1980 dalili ambazo mgonjwa wa mgongo huonyesha anapopimwa na ambazo hazielezeki kwa mfupa wala neva. Alikusudia zimkumbushe daktari kwamba mtu huyu anahitaji kuangaliwa kwa upana zaidi kabla ya kukimbilia upasuaji. Zikatumiwa na wengi kama mtego wa kumnasa mwongo. Waddell na mwenzake Chris Main walilazimika kuandika tena mwaka 1998 kusema kwamba dalili hizo si ushahidi wa kuigiza. Kanusho la mwenye kazi halikusafiri mbali kama orodha yake. Mpaka leo utamkuta mwanafunzi anaijua orodha na hajui kwamba mwenyewe aliyeiandika alilalamika.

Kisha kuna saa za darasani. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha muda ambao vyuo vya nchi hiyo vinautenga rasmi kwa somo la maumivu. Wanafunzi wa udaktari wa binadamu walipata wastani wa saa 16 katika mafunzo yao yote. Wanafunzi wa udaktari wa mifugo walipata wastani wa saa 87. Nimewasomea wanafunzi wangu takwimu hiyo mara kadhaa na kila mara chumba kinanyamaza. Ng'ombe hawezi kusema anaumwa, kwa hiyo daktari wake analazimika kufundishwa kumwamini kwa namna anavyosimama, anavyokula, anavyotembea. Binadamu anasema kwa kinywa chake, na sisi tunasubiri picha imthibitishe.

Lawama nzito kuliko zote inahusu kile kinachofundishwa bila kuandikwa kwenye mtaala wowote. Frederic Hafferty na Ronald Franks walilieleza hili mwaka 1994: mwanafunzi hujifunza maadili yake zaidi kwenye korido, kwenye chai, na kwenye utani wa raundi kuliko kwenye somo la maadili. Mgonjwa wa mgongo akishatoka na mlango ukafungwa, kinachosemwa na mkubwa katika sekunde kumi zinazofuata ndilo somo. Akivuta pumzi kwa kuchoka na kusema "haya, anayefuata", vijana wamefundishwa. Akisema "huyu mama tumemkosea, hatujamuuliza analalaje", wamefundishwa pia. Huko Philadelphia, Mohammadreza Hojat na wenzake waliwafuatilia wanafunzi 456 na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Kiwango cha kujali hisia za mgonjwa hakikuteremka miaka miwili ya mwanzo. Kiliteremka mwaka wa tatu, ule ambao wanafunzi wanaanza kukaa na wagonjwa wodini. Inaumiza kulisoma hilo, kwa sababu ndio mwaka wanaokabidhiwa kwetu.

Huo ni upande mmoja, na ungekuwa peke yake ningesema tufunge shauri. Lakini nimekaa kwenye vyumba hivyo kwa muda wa kutosha kujua kwamba ule ubaridi wa mwanafunzi una ndugu yake anayefanana naye, na huyo ndugu tunamhitaji. Anaitwa shaka.

Percivall Pott, mpasuaji wa London, alieleza mwaka 1779 ugonjwa wa uti wa mgongo unaoukunja mwili na kupoozesha miguu. Leo tunajua ni kifua kikuu kilichohamia kwenye pingili, na tunajua kwamba karibu nusu ya kifua kikuu cha mifupa hukaa mgongoni. Tanzania ina kifua kikuu kingi. Mgonjwa wa namna hiyo haji akikohoa. Anakuja akisema mgongo, tena kwa miezi mingi, na daftari lake linafanana kabisa na la yule mama. Tofauti ni kwamba anatoka jasho usiku, amepungua kilo, na ukimgonga kwa ngumi taratibu kwenye pingili fulani anaruka. Akikosewa, atakuja siku moja amebebwa. Kwenye mikoa ya wafugaji kama Tabora kuna pia brusela, ugonjwa wa mifugo unaompata mtu kwa maziwa yasiyochemshwa au kwa kuzalisha mifugo, ukaingia mwilini na kukaa kwenye maungio ya nyonga na mgongo. Kuna mzee ambaye mgongo wake ni saratani ya tezi dume iliyosambaa. Kuna kijana mwenye selimundu. Kuna mtu ambaye diski imebana mkia wa neva ulio mwisho wa uti wa mgongo, amekufa ganzi sehemu anayokalia na mkojo umeanza kumtoka bila kujijua, na huyo hana wiki mbili za kusubiri, ana saa chache tu.

Mafunzo yanayomkalia mwanafunzi shingoni asake dalili hizi yanamjengea jicho kali, na jicho kali kwa nje linaweza kuonekana kama kutoamini. Watetezi wa mafunzo wanasema, na nakubaliana nao, kwamba huruma peke yake haimtambui mgonjwa wa kifua kikuu cha mgongo. Nimewaona pia wataalamu wenye moyo laini wakiwadhuru watu kwa moyo huo huo. Anamhurumia mama, anampiga sindano ya diklofenaki kila anapokuja kwa sababu ndicho kitu cha kumpa, na baada ya mwaka mama ana vidonda vya tumbo na shinikizo la damu limepanda. Anamhurumia mbeba mizigo, anamwambia lala usifanye chochote mpaka upone, wakati ushahidi wa miaka mingi unaonyesha kwamba kulala kitandani kunamchelewesha mtu na kumdhoofisha. Anamhurumia fundi, anamwandikia eksirei ya tatu. Wote hao walisikilizwa kwa upole.

Tena si kweli kwamba mwanafunzi anafika chuoni akiwa karatasi nyeupe ambayo sisi tunaichafua. Anakuja na yale ya nyumbani. Huku kwetu mgongo ukimuuma mwanaume, vijiwe vinasema nguvu zimepungua. Ukimuuma mwanamke, wanasema ni mambo ya uzazi, au figo. Ukikaa miaka, kuna mtu wa kutajwa aliyeutuma, na mtu anapelekwa kupigwa chuku au kuchanjwa chale. Na lipo neno ambalo mkwe anaambiwa akishindwa kwenda shamba, kwamba mgongo wake huuma msimu wa palizi tu. Kijana amelisikia neno hilo tangu utoto. Chuo kinaweza kuwa mahali pa kwanza anapoambiwa kwamba maumivu ni halisi hata kama hakuna kinachoonekana. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Maumivu lilipopitia upya fasili yake mwaka 2020 liliweka wazi kwamba maelezo ya mtu kuhusu maumivu yake yaheshimiwe. Hayo yako vitabuni mwa wanafunzi, kwa yule anayefundishwa kufika huko.

Na ushahidi kwamba mafunzo yanaweza kujenga upo. Tangu mwaka 1995 kuna hojaji iliyotungwa na James Rainville na wenzake kupima kama mtoa huduma anaamini kwamba mtu mwenye maumivu sugu ya mgongo ni lazima awe mlemavu asiyeweza kazi. Wanafunzi wa fiziotherapia wa Uskoti walipopimwa hivyo, waliokaribia kumaliza walikuwa na imani bora kuliko waanzaji, na bora kuliko wanafunzi wa fani zisizo za afya. Hata ule utafiti wa Philadelphia umepingwa na watu makini. Jerry Colliver na wenzake waliandika mwaka 2010 kwamba kuporomoka huko kumetiwa chumvi: tofauti za alama ni ndogo, na kinachopimwa ni mwanafunzi anavyojieleza mwenyewe kwenye karatasi, si anavyomtendea mgonjwa. Kijana anaweza kujipa alama ndogo mwaka wa tatu kwa sababu sasa anajua ugumu wa kazi, hali mwaka wa kwanza alijipa alama kubwa kwa sababu hajawahi kukesha.

Nikiziweka hoja zote mezani, nadhani wanaolaumu darasa na wanaolitetea wanaangalia mahali pasipo na tatizo kubwa. Saa za somo ni chache, ndiyo. Picha zinapotosha, ndiyo. Lakini kinachomfanya kijana amchoke mgonjwa wa mgongo ni kwamba mpangilio wa mafunzo unamkutanisha naye mara moja tu, katika dakika ambayo hana cha kumpa.

Fikirini jinsi zamu zinavyokwenda. Wiki kadhaa magonjwa ya ndani, wiki kadhaa upasuaji, wiki kadhaa watoto, wiki kadhaa uzazi. Mtoto mwenye malaria kali analetwa amepoteza fahamu Jumatatu, Alhamisi anakula ugali, na mwanafunzi ameona mwanzo na mwisho. Moyo wake unalipwa. Mjamzito anajifungua mbele ya macho yake. Mgonjwa wa mgongo anamwona leo, na wakati mama anarudi mwezi ujao mwanafunzi yuko wodi nyingine, amekuja mwingine ambaye naye anaanza upya na daftari. Hakuna mwanafunzi hata mmoja anayemwona mama yule akianza kulala vizuri, akipunguza vidonge, akirudi kwenye mnada na kapu lake. Kwa hiyo wote wanamaliza chuo wakiamini kwa macho yao wenyewe kwamba watu wa mgongo hawaponi na hawabadiliki. Ni sawa na kuonyeshwa mhindi siku ya kupanda pekee kila msimu, halafu uulizwe kama mbegu huota.

Na huko kutokuwa na cha kutoa kunazaa dharau kwa njia ambayo nimeishuhudia mara nyingi. Mtu anayejiona hana msaada mbele ya mwenzake anayeteseka anapata aibu, na aibu ni nzito kubeba. Ni rahisi kuihamishia kwa mgonjwa. Tabibu kijana aliyemaliza stashahada yake ya miaka mitatu anapangiwa zahanati ya mbali Uvinza au Kaliua, foleni imejaa kina mama na watoto wenye homa, na kwenye kabati la dawa ana paracetamol na diklofenaki. Mtaalamu wa fiziotherapia yuko mjini. Nauli ya kwenda na kurudi inalingana na chakula cha familia. Huyu tabibu akimwona mzee wa mgongo anarudi mara ya tano, yale mafunzo yake yote ya kutafuta kilichoharibika yanamwambia umeshindwa. Mwaka wa kwanza anahuzunika. Mwaka wa tatu anakasirika.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini ulinipa matumaini. Sehemu kubwa ya unachopendekeza haihitaji mashine. Unazungumzia elimu kwa mgonjwa, mazoezi yaliyopangwa, tiba ya mikono na msaada wa kisaikolojia, na dawa za jamii ya diklofenaki zitumike kwa tahadhari. Unashauri kuachana na mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo na dawa za jamii ya afyuni kama tiba ya kawaida ya tatizo hili. Mwanafunzi aliyefundishwa hayo kwa vitendo ana cha kumpa mgonjwa hata akiwa zahanati isiyo na umeme. Anaweza kumpima dalili za hatari, akaziondoa moja moja kwa sauti ili mama asikie kwamba zimetafutwa. Anaweza kumweleza kwamba mgongo wake unauma lakini haujavunjika, kwamba kuumia na kuharibika ni mambo mawili. Anaweza kukaa naye wakapanga mzigo wa kuni ugawanywe safari mbili, jembe lipate mpini mrefu zaidi, kazi ya kuinama ipokezane na ya kusimama. Kumwambia mkulima wa Kasulu usiiname, usibebe, ni kumwambia asile. Kupanga naye namna ya kuinama ni tiba.

Najua pingamizi linalokuja, na si la kupuuza. Mtaala umejaa. Watoto wanakufa kwa malaria, wanawake wanakufa kwa kutokwa damu wakijifungua, na mgongo hauui. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini na kitanda kimoja cha kufundishia atauliza niondoe nini ili niweke mgongo. Ningekuwa naomba saa arobaini zaidi za mihadhara, ningekubali nimeshindwa hoja. Naomba kitu tofauti, ambacho nadhani vyuo vyetu vya Kigoma na Tabora vinaweza kukifanya kabla hata kampasi mpya haijafungua milango: kila mwanafunzi apewe mgonjwa mmoja wa maumivu sugu, awe wake kwa mwaka mzima. Amfuate kliniki, ampigie simu, amtembelee nyumbani mara moja wakati wa mafunzo ya jamii, ambayo tayari yapo. Aone mlango anaoinama kuingia, kitanda anacholalia, umbali wa kisima. Aandike kinachobadilika na kisichobadilika.

Hilo nalo lina hatari zake. Mwanafunzi anaweza kukutana na mgonjwa ambaye hatapata nafuu yoyote mwaka mzima, akatoka na moyo uliovunjika kuliko alivyoingia. Anaweza kuwa mzigo kwa familia maskini inayojiona lazima imkaribishe dokta kwa soda na kuku. Na bila msimamizi wa kukaa naye kila baada ya wiki chache, atajifunza uchovu peke yake. Mpango huu hauna maana kama wasimamizi wenyewe hawajakaa chini kufundishwa, sisi tuliosoma wakati ambapo mgongo ulikuwa nusu ukurasa kati ya mifupa iliyovunjika na yabisi. Kuna wenzangu wakubwa na wenye ujuzi mkubwa ambao watakataa kwamba yale maneno ya baada ya mlango kufungwa ni sehemu ya kufundisha. Hao ndio wa kuzungumza nao kwanza, kwa heshima, kwa sababu wanafunzi wanawaiga wao kuliko wanavyosoma vitabu.

Kingine ni mtihani, maana mwanafunzi anathamini kinachompa alama. Katika mtihani wa vitendo wa vituo, ambamo mwanafunzi huhama kituo hadi kituo akipimwa kazi moja moja, kituo kimoja kiwe na mgonjwa wa mgongo ambaye hana dalili yoyote ya hatari na hana cha kuonekana kwenye picha. Alama zitolewe kwa namna mwanafunzi alivyozitafuta dalili hizo, na alama nyingine nyingi kama hizo zitolewe kwa namna alivyomweleza mgonjwa kilichopo bila kumtisha wala kumwita mwongo. Mwaka wa kwanza wengi watafeli kituo hicho. Wanaofuata watakifanyia mazoezi usiku bwenini, mmoja akiwa mgonjwa na mwenzake daktari, kama wanavyofanya sasa kwa kifua na tumbo.

Kampasi mpya ina nafasi ambayo vyuo vikongwe havina, kwa kuwa ratiba zake bado zinaandikwa. Wanaoziandika waje wakae siku moja kwenye kliniki ya fiziotherapia ya mkoa, wahesabu wangapi wanaokuja kwa mgongo na wangapi walifika huko baada ya miaka, kisha waamue fiziotherapia itawekwa kwenye zamu za lazima za mwanafunzi wa udaktari au itaendelea kuwa chumba cha mwisho wa korido ambacho mwanafunzi anakipita akielekea chumba cha upasuaji. Mimi ningeiweka kwenye zamu za lazima, wiki mbili kamili, mwaka ule ule wa tatu.